Matundu Mawili ya Mbele

"Puliza tena," fundi alisema. "Ila safari hii taratibu, kama unapoza chai ya mtoto."

Mkewe akabana mrija wa mpira kwa midomo, akapuliza. Ncha ya pili ya mrija ilikuwa imezama ndani ya tundu dogo juu ya bloku ya injini, tundu lisilozidi upana wa kifungo cha shati. Ng'ambo ya bloku mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho yote mawili yamefungwa bandeji nyeupe, kidole amekiweka mbele ya tundu jingine lililokuwa ubavuni, pale panapofungwa swichi ya taa ya oili.

"Imefika," alisema, na uso chini ya bandeji ukachanua. "Pumzi yako ina joto, bibie. Basi hiyo ndiyo njia ya oili ya kupanda juu. Ikiziba hiyo, valvu zitakauka na kugongana kama vijiko kwenye sinia. Itie nyekundu."

Mkewe akachomoa mrija, akasokota kitambaa chekundu, akakisukuma kwenye tundu kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaacha mkia ukining'inia nje ili kisije kikasahaulika ndani. Nyekundu ni oili. Buluu ni maji. Nyeupe ni bolti. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe siku tano zilizopita kwa vipande vilivyobaki chini ya cherehani yake. Yeye ni fundi nguo, na kabla ya mwezi huu hakuwahi kushughulika na injini zaidi ya kuja gereji na chakula cha mchana, kisha kuegemea boneti akimsubiri mumewe amalize maneno yake na wateja.

"Yamebaki mangapi?"

"Manane."

"Una hakika?"

"Fundi, mimi nahesabu vifungo vya sare za shule nzima. Matundu ya injini moja yatanishinda?"

Fundi akacheka kwa puani. Alipenda akiitwa fundi na mkewe, ingawa mkewe alianza kumwita hivyo kwa mzaha, mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoahidi kutengeneza mguu wa kitanda na kitanda kikalala chini siku hiyo hiyo.

Siku kumi na mbili kabla ya hapo, betri ilimpasukia usoni akiwa ameiinamia. Hospitali walimsafisha macho kwa maji mengi, wakatia dawa, wakayafunga. Bandeji ingefunguliwa kesho mchana. Daktari, mwanamama mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba tutaona, halafu akaona haya kwa neno lenyewe.

Tangu hapo fundi alikuwa mtulivu kupita kiasi. Hakulalamika, hakugombana na mtu, hata redio hakuomba. Asubuhi moja akinywa chai alisema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Zile spana zangu bora mtu mwenye macho azichukue kabla hazijaota kutu." Mkewe alikuwa akimmiminia chai. Aliendelea kumimina mpaka ikajaa sahani.

Siku hiyo ndipo alipokata shauri. Pale gereji palikuwa na injini ya gari la mkunga, mteja wao wa miaka mingi. Fundi alikwisha kutia pistoni na kufunga sehemu yote ya chini kabla ya ajali. Kilichobaki ni kusafisha uso wa bloku, kuweka gasketi, ile karatasi ngumu yenye matundu inayokaa katikati, kuweka kichwa cha injini juu yake na kukaza bolti. Mkewe aliazimia kwamba kazi hiyo ikamilike kabla bandeji haijafunguliwa. Madaktari waseme watakavyosema, mumewe aingie kwenye kile chumba akiwa mtu aliyefunga injini gizani. Hayo hakumwambia. Alimwambia tu kwamba mkunga anahitaji gari lake, na huo pia ulikuwa ukweli, maana mama wa watu alikuwa anawafuata wazazi kwa miguu na mkoba begani.

Basi wakaanza. Yeye macho, mumewe vidole. Fundi alimfundisha kwamba tundu lenye meno ndani ni la bolti, huna haja ya kuliuliza zaidi. Lisilo na meno, ukitia kidole kikatoka na ukungu wa kutu, hilo la maji. Kikatoka kinateleza, la oili. Na usipoamini kidole, kinuse. Na usipoamini pua, tia mrija upulize, usikie pumzi inatokea wapi, maana tundu lisilojulikana linakotokea usilifungie kazi. Mkewe alikuwa hajui kwamba chuma kizito namna ile kina vijia vingi ndani. Alizoea kukiona kama jiwe. Sasa alikiona kama koti lenye bitana, ambalo kazi yote ngumu iko upande usioonekana.

"Nipe mkono," fundi alisema. "Tumefika mbele, siyo?"

Akampa. Akauongoza mkono wa mumewe hadi kwenye uso wa bloku, upande wa mbele, karibu na silinda ya kwanza. Palikuwa na matundu mawili pale, marefu kidogo, kama tundu la kifungo cha koti.

"Haya ni ya maji," mkewe akawahi kusema. "Nishaandaa buluu."

Vidole vya fundi vikazunguka ukingo wa tundu la kwanza, vikahamia la pili. "Ya maji, ndiyo. Ila haya yasikusumbue. Gasketi inayafunika."

Mkono wa mkewe ukabaki hewani na kitambaa cha buluu.

"Inayafunika vipi? Kwani si matundu?"

"Ni matundu, lakini pampu ya maji iko hapa hapa mbele. Ukiyaacha wazi, maji yanapata njia ya mkato. Yanapanda hapa na kurudi zake kwenye rejeta yamefurahi, na silinda ya nne kule nyuma inakaa na kiu yake. Gasketi inayazuia hapa ili yaende kwanza mpaka nyuma, yapite kwa kila mmoja, ndipo yapande."

"Na kama mtu ameyaacha wazi?"

"Nani atayaacha wazi, na gasketi inatoka kiwandani imekwisha katwa?" Fundi akatikisa kichwa. "Ngoja nikwambie ubaya wake. Gari litawaka vizuri tu. Utalisifu. Litatembea wiki, litatembea mwezi. Halafu siku ya jua kali, kwenye mlima, limebeba watu, nyuma kunachemka, kichwa kinapinda. Na mwenye gari akikuuliza kulikoni, huna la kumjibu, maana ulifunga kila kitu sawasawa."

Mkewe akasokota kitambaa cha buluu, akakitia kwenye tundu. Akatia na cha pili. Alifanya taratibu kuliko ilivyohitajika.

Kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye.

Jana mchana, mumewe akiwa amejinyoosha kitandani katika chumba cha nyuma, alichukua karatasi ya kukatia patani, akailaza juu ya bloku, akaipitishia kidole chenye oili mpaka kila tundu likajichora. Hivyo ndivyo anavyonakili gauni la mteja asiyetaka kuliacha. Kisha akaitoa gasketi kwenye bahasha yake na kuilaza juu ya mchoro. Kila kitu kilikaa, isipokuwa pale mbele. Bloku ina matundu mawili, gasketi haina. Akaenda kutazama kichwa cha injini. Nacho kina matundu mawili pale pale. Juu yapo, chini yapo, katikati hayapo. Mtu yeyote aliyeshona kwa miaka ishirini angejua hapo pamesahauliwa. Mashati ya kiwandani humjia kila wiki, kola safi, lebo safi, na tundu la kifungo cha tatu halipo. Akachukua kitoboleo chake cha mikanda, ubao na nyundo. Akapiga kwa hesabu, tundu baada ya tundu dogo, akaunganisha kwa wembe, akalainisha ukingo. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama kwenye mwanga wa dirisha, akajipongeza. Akairudisha ndani ya bahasha akisubiri wakati mzuri wa kumwambia mumewe kwamba kiwanda kilikosea na yeye ameliona kosa.

"Mbona kimya?" fundi aliuliza.

"Nahesabu."

Alikuwa kweli anahesabu, lakini si matundu. Alikuwa anahesabu saa. Leo jua likiwa bado juu wangeweza kuifunga. Gasketi angeiweka yeye, maana mumewe alikwisha sema mwenye macho ndiye aiweke. Mumewe asingeigusa. Wangekaza bolti pamoja, yeye akiongoza spana na mumewe akivuta, na kesho angeingia hospitali ameinua kichwa. Matundu mawili, nani atajua? Kisha akamwona mkunga barabarani, jua la saa saba, mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Akaufukuza mpango ule. Ukarudi. Ukasema, fungeni leo, halafu wiki ijayo utafute kisingizio ifunguliwe tena. Hata kwake mwenyewe ulisikika kama maneno ya mtu mwingine.

"Hodi humu ndani!" sauti ilipasuka mlangoni. "Au nisibishe hodi, maana hakuna wa kuniona!"

"Sauti yako inatosha, Honi," fundi alijibu. "Hata viziwi wanakuona. Karibu."

Honi alikuwa mwenye gereji ya ng'ambo ya barabara, rafiki wa fundi na mshindani wake kwa miaka isiyopungua ishirini. Akiongea kwake, wateja wa hapa hugeuka. Aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Shemeji, nasikia siku hizi unafungua injini. Nikuletee lini suruali yangu uibadilishe oili?"

"Suruali yako haihitaji oili, shemeji. Inahitaji kufuliwa."

Fundi akacheka kwa sauti, cheko la kweli. Honi naye akacheka, akaizunguka bloku, akainama kuangalia mikia ya vitambaa. "Haa, mmeipamba kama bibi arusi. Nyekundu hii nini?"

"Oili," mkewe alisema.

"Na hii buluu maji. Si vibaya, si vibaya." Akafika kwenye meza, na kabla hajazuiwa akaitoa gasketi kwenye bahasha na kuiinua kwenye mwanga wa mlango, kama anavyofanya fundi yeyote, bila kufikiri.

Mwanga ukapita kwenye matundu mawili ya mbele.

Mdomo wa Honi ulifunguka na sauti haikutoka. Akamtazama mke wa rafiki yake. Mke akamtazama. Honi akainua nyusi, akaelekeza kidevu kwa fundi, akiuliza kama anajua. Mke akatikisa kichwa kidogo. Honi akaishusha gasketi polepole juu ya meza, akaweka kidole mdomoni kwake mwenyewe, maana yake: usiogope, hili litakufa na mimi.

"Vipi?" fundi aliuliza, akigeuza uso huku na huku. "Honi kunyamaza ni dalili ya homa."

"Koo," Honi alisema. "Vumbi."

Hilo la koo ndilo lililomchoma mke, kuliko hata gasketi. Tangu ajali, wageni walikuwa wakija kumtazama mumewe na kuongea juu ya kichwa chake kwa nyusi na midomo, wakiulizana hali yake yeye akiwa hapo hapo amekaa. Aliwachukia kwa hilo. Alipata kumwambia dada yake mwenyewe, mbele ya watu, "Sema kwa mdomo, ana masikio." Na sasa yeye ndiye aliyetikisa kichwa.

Akapiga moyo konde.

"Fundi. Gasketi nimeitoboa."

"Umeitoboa nini?"

"Yale mawili ya mbele. Jana. Nimeyafungua kwa kitoboleo cha mikanda."

Honi akatazama dari. Fundi akanyoosha mkono.

"Nipe."

Akamletea, akailaza kwenye mapaja yake. Vidole vikatembea juu ya gasketi, vikapita silinda ya nne, ya tatu, ya pili, vikafika mbele, vikaanguka ndani ya tundu la kwanza. Vikakaa hapo.

"Kwa nini?"

"Nilidhani kiwanda kimesahau. Juu yapo, chini yapo, katikati hayapo. Kwetu hiyo ni kasoro."

Honi alijaribu kukizuia kicheko, kikamtokea puani. Fundi hakucheka.

"Kwa hiyo zile nyundo za jana."

"Ndiyo."

"Nilizisikia. Nilidhani mkanda wa mteja."

"Si ulikuwa umelala."

"Sikulala. Watu wakiona bandeji wanadhani nimelala. Wanatembea kwa vidole." Akaigonga gasketi kwa kidole. "Ungeniita tu, bibie. Ungekuja ukauliza, hii nini. Ningekujibu nikiwa pale pale kitandani. Swali moja tu la gereji. Siku kumi na mbili, ukijitoa wewe, hakuna aliyeniuliza swali la gereji ila mkunga, na yeye aliuliza gari lake litahamia kwa nani."

Mkewe akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wakawa magoti kwa magoti.

"Nilitaka tumalize leo," alisema. "Kabla ya kesho. Nilitaka uende kule ukiwa umeshaifunga. Kwa sababu ulisema habari ya spana."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia, wakausikiliza wote watatu mpaka ukaisha.

"Jamani," Honi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitosha chumba hicho kimoja tu. "Yasiwe makubwa. Gasketi ya aina hiyo ninayo moja, inaning'inia ukutani stoo. Nileteeni injini. Vijana wangu waibebe sasa hivi, kesho asubuhi naifunga. Mkunga anapata gari lake, na wewe ndugu yangu unapumzika. Hakuna atakayekulaumu."

Mkewe alimtazama mumewe. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa siku zote kumi na mbili, na sasa limesemwa, tena kwa upendo, na mtu mwema. Aliona mumewe amelisikia lote. Vidole vyake vilikuwa bado vinazunguka tundu la kwanza, vinahamia la pili, vinarudi.

"Honi," fundi alisema. "Umeuona huu ukingo?"

"Nimeuona."

"Uguse."

Honi akainama, akapitisha kidole gumba.

"Umepata lini kutoboa gasketi ukaacha ukingo namna hii? Wewe ukitoboa, utadhani panya amepita."

"Sasa tumefika kwenye matusi."

"Nasema kweli tupu. Huu mkono ungekuwa wako, ungeshafungua gereji tatu." Akaikunja midomo, akijizuia, kisha akashindwa, akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Tundu la kifungo! Kwenye gasketi! Bibie, ungeweka na kifungo chenyewe, tungejua moja."

Mkewe naye akacheka, huku anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye oili, na Honi aliyekuwa akisubiri ruhusa akaangua kicheko kilichowafanya watu wa ng'ambo wageuke.

Walipotulia fundi alisema, "Gasketi yako tunaihitaji. Injini haiendi kokote."

"Basi nitaileta. Lakini kesho, leo mama watoto ametoka na ufunguo wa stoo." Honi akasita. "Ingawa kesho si ndiyo mnakwenda hospitali? Labda mngoje keshokutwa, mkishajua..."

Akakatiza.

"Tukishajua nini?" fundi aliuliza bila ukali. "Ilete asubuhi. Saa nane tunakwenda hospitali, saa kumi tumerudi, saa kumi na nusu nakaza bolti ya kwanza. Wakisema naona, nitakaza nikiiona. Wakisema sioni, bibie ataniwekea spana mkononi kama alivyofanya leo, na nitakaza vile vile. Bolti hazijui."

Honi alimgusa bega, akamuaga shemeji yake kwa kuinua kitambaa chake kichafu, akatoka. Kutoka barabarani walimsikia akimweleza mtu asiyejulikana kwamba yeye hajapata kutoboa kama panya, ni uzushi.

"Yamebaki mangapi?" fundi aliuliza.

"Sita."

"Jua?"

"Limefika mlangoni. Bado kidogo."

Wakaendelea. Matano yalikuwa mepesi: mawili yenye meno, mawili ya maji, moja la kurudishia oili chini, pana na lenye utelezi. La sita lilikuwa nyuma kabisa, kwenye kona, dogo kama pini. Fundi alilizunguka kwa ukucha. Halikuwa na meno. Alilinusa. Halikuwa na harufu ya kitu.

"Hili silikumbuki," alisema polepole.

"Nipulize?"

"Puliza."

Akapuliza. Fundi akapitisha kiganja ubavuni, nyuma, chini ya bloku. Hakuna pumzi. Akapuliza tena mpaka masikio yakavuma. Hakuna.

"Kiwanda kimesahau," mkewe alisema.

"Nyamaza wewe." Alikuwa anatabasamu, lakini kichwa kilishakwenda mbali, alikuwa ameinamisha shingo upande kama anayetega sikio. "Linatokea mahali. Haliwezi kuwa bure. Nitie nini hapa? Nyekundu siwezi, buluu siwezi."

Mkewe akatafuta kwenye kikapu cha vipande, akapata kitambaa cha njano, akakisokota, akakitia. Kisha akafunika bloku yote kwa shuka safi, akaikunja pembe kama anavyokunja kitanda, akaenda kumletea mumewe beseni la maji na sabuni ya unga. Alimwosha mikono, kidole kwa kidole, huku fundi akiongea peke yake.

"Labda linakwenda kwenye mnyororo wa kamshafti. Hapana, mnyororo uko mbele. Labda mpaka kichwa kikae juu yake ndipo lipate mwenzake. Bibie, kesho nikumbushe tuanze na hilo. Kabla hata ya gasketi."

"Nitakukumbusha."

"Na huo mrija usiutupe."

"Siutupi. Nipe mkono wa pili."